Nyumba Iliyo Karibu na Kila Kitu

Morogoro, mtaa mpya nyuma ya stesheni
6 Juni 1909

Kwa dada yangu Theresia, mlimani kwenye misheni.

Shikamoo dada. Kabla ya yote, nipo. Mke wangu Pili yupo, na kuku wetu mmoja aliyesalimika na paka wa jirani naye yupo, ila ameacha kutaga kwa hofu. Mpe Cecilia salamu zangu, mwambie mjomba wake ameuliza kama mimba imekwishakuwa mtoto.

Nyumba imekwisha. Nilipoanza kuijenga ulisema nitaishia ukuta mmoja, nao utakuwa wa kuegemea. Sasa zipo kuta nne, na nyingine ndani. Imesimama kwenye mtaa mpya, pale Bwana Shauri, mkuu wa boma, alipovuta kamba akasema nyumba zote zifuate kamba. Zimefuata. Ukikaa mlangoni kwangu unaona milango ya watu kumi na mmoja, na wao wanauona wako, kwa hiyo hakuna anayegombana na mkewe kwa sauti. Mlango wangu umepakwa namba, arobaini na moja. Nikauliza ni ya nini. Askari akasema ni ili usipotee. Nikasema mimi najua ninapokaa. Akasema, "Wewe unajua. Sisi ndio tunaopotea tukikutafuta."

Ina ukumbi katikati, vyumba viwili kushoto na viwili kulia, ua nyuma wenye jiko na choo. Paa la mbele ni nyasi, la nyuma ni madebe ya mafuta ya taa yaliyofunuliwa, kwa hiyo mvua ikinyesha huku wanacheza ngoma na kule wamelala. Chumba cha kulia chenye dirisha linalotazama mlima ni chako. Hakuna aliyelala humo.

Sasa sikiliza ujirani. Kutoka mlangoni hadi kisimani ni hatua sitini. Duka la Mhindi, ambako ninakaa barazani nikiwaandikia watu barua zao, ni hatua tisini. Soko ambako jirani yako Furaha anauzia kabichi zako, mia mbili na kumi. Msikiti uko karibu hata mwadhini akikohoa namwambia pole. Kanisa lenu liko mbali kidogo, lakini ninyi mnapenda kuteseka. Na nyumba ya daktari wa boma, hatua mia tatu na ishirini, njia tambarare, haina kilima hata kimoja.

Furaha ananiambia siku hizi unabeba mzigo kwa mkono wa kulia tu, na huwezi tena kulalia ubavu wa kushoto. Mimi siulizi kitu. Nimesema tu hatua mia tatu na ishirini.

Njoo ukae.

Mdogo wako asiyeuliza,
Mwinjuma


Mlimani, 2 Julai 1909

Mwinjuma, marahaba. Masista walinifundisha kuandika nikiwa na mvi tayari, kwa hiyo nitasema kwa kifupi, na wewe usidhani ni hasira. Hasira inakuja chini.

Cecilia amejifungua mtoto wa kike, mweusi kama mama yetu na ana kelele kama wewe. Ukungu umekaa wiki tatu haujaondoka, njegere zimeoza zikiwa zimesimama. Ng'ombe wa Padri aliingia kwenye shamba langu la viazi, Padri akaja kuomba radhi mwenyewe, ng'ombe hakuja.

Mkono wangu wa kushoto ni mzima. Umechoka tu, kwa sababu una miaka hamsini sawa na wa kulia. Furaha ana macho marefu, na mdomo mrefu zaidi.

Nyumba nimeisikia. Nimefurahi una kuta. Lakini nimeshangaa jambo moja. Mtu niliyemlea mimi, aliyekuwa akitumwa mtoni anarudi ugali haujageuzwa, leo ananihesabia hatua za kwenda kisimani? Nani anahesabu hatua za kwenda kisimani? Nilimsomea Cecilia akacheka. Mimi sikucheka.

Na hili lenyewe unalijua, usijifanye umekuwa mtu wa pwani. Mwanamke wa lukolo, wa ukoo wetu, hahami kwa barua. Ndugu yake wa kiume wa tumbo moja huja mwenyewe. Hulala usiku mmoja, asubuhi humshika dada yake mkono, wakapita kaburini kwa mama, akasema kwa sauti: mama, namchukua, mimi ndiye nitakayeulizwa. Ndipo anaondoka. Asiyefuatwa hivyo amefukuzwa au ametoroka, na mimi sijafukuzwa wala sijatoroka.

Hujapanda huku tangu siku uliyokuja kumchukua mwanangu Petro ukaenda naye kwenye kazi ya reli. Alipokufa kwa homa uliniletea nguo zake kwa mkono wa mtu. Nikasema basi, ana kazi, ana watu chini yake. Sasa reli imefika mjini, gari la moshi linapita hata sisi tunauona moshi wake asubuhi zisizo na ukungu. Kazi gani tena? Siku mbili kupanda, siku mbili kushuka. Njoo unifuate.

Nauliza tu: hilo dirisha lina mbao, au liko wazi?

Theresia


Morogoro, 25 Julai 1909

Shikamoo dada. Hongera kwa mjukuu. Kelele ni afya, mwache alie.

Dirisha lina mbao mbili, zinafungwa kwa kijiti. Nimefurahi umeuliza.

Kuhusu kuja, dada, hujui kazi yangu ilivyo. Ni kazi ya kukaa, na mtu akiacha kukaa wenzake wanakaa hapo. Kiangazi hiki watu wote wanagombana kwa barua. Juzi nilimwandikia mtu barua ya kumwacha mkewe. Jioni mke akaja na barua ile ile mkononi nimsomee, kisha nimwandikie jibu. Ikabidi nijijibu mwenyewe. Jibu lilikuwa zuri kuliko barua, wamerudiana, na sasa wote wawili hawanisalimii.

Lakini nimekufanyia jambo. Anayekuletea barua hii amefuatana na wanaume wanne na machila, ile ya kitambaa inayoning'inia kwenye mti. Hata Wadachi wakubwa husafiri hivyo, wamelala kama watoto wachanga, na hakuna anayewacheka mpaka wamepita. Utabebwa kutoka mlangoni kwako hadi mlangoni kwangu, mguu wako hautagusa tope. Mimi nitakuwa kizingitini nikikusubiri.

Mtaa unaendelea vizuri. Fundi cherehani amehamia namba thelathini na nane, mashine yake inalia kutwa kama mbuzi anayetafuna mawe. Wanachimba mfereji wa maji machafu mbele yetu, kwa sasa umejaa maji machafu kutoka kwingine. Daktari huona wanawake Jumanne na Alhamisi. Nimetaja siku tu, sikutaja kwa nini.

Mwinjuma


Mlimani, 3 Septemba 1909

Mwinjuma, marahaba.

Umeipata machila yako? Nimeirudisha na kabichi. Nilimpa kila mtu ugali na maharage, walikuwa watu wazuri na waliona aibu kurudi mikono mitupu, nikasema basi bebeni hizi, nazo hazijawahi kupanda machila. Kijiji kizima kilitoka kutazama. Mpaka leo watu wanauliza, kabichi za Theresia zimefika salama?

Nimecheka nao. Halafu nimeingia ndani.

Watu wanne nisiowajua, Mwinjuma. Umeniletea kitambaa cha kubebea, mkono wako hukuuleta. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni miaka miwili mama alipougua, na sikuwahi kumkodi mtu anisaidie.

Nimemuuliza Furaha: Mwinjuma yukoje? Akasema: amekaa. Aliposhuka mwezi uliofuata akarudi nikamuuliza tena. Amekaa. Nikasema, huyu mtu hasimami? Furaha akaanza kuzitazama kabichi kama hajapata kuziona.

Umenenepa kiasi gani hata mlima umekushinda? Au ni haya, kwa kuwa mimi nina msalaba na wewe una msikiti? Mama alikufa bila hiki wala kile, na kaburi lake halibagui mtu.

Sema kitu kimoja cha kweli.

Theresia


Morogoro, 10 Oktoba 1909

Dada, shikamoo.

Kabichi zilifika salama. Tumekula na mtaa mzima.

Sikunenepa. Sina haya ya msalaba wako.

Unataka kitu cha kweli, nitakupa kimoja. Nimekwenda kwa daktari wa boma kumuuliza habari za mwanamke mmoja. Nikasema ana uvimbe mgumu mahali ambapo ndugu wa kiume hapataji, na mkono wa upande huo umeanza kuvimba. Msaidizi wake wa kupaka dawa ni Mswahili, ndiye anayetafsiri, akaniuliza, ni mkeo? Nikasema hapana. Ni nani? Nikasema ni mtu. Daktari akaosha mikono muda mrefu. Kisha akasema: aletwe kabla ya masika. Nikauliza, na baada ya masika? Akasema baada ya masika msimlete, mtamchosha bure.

Nimeandika maneno hayo kama alivyoyasema. Huyo mwanamke simtaji.

Mwezi ujao Pili atapanda kukufuata. Ni mke wangu, ana mikono yangu yote miwili. Mshike mkono yeye, pita naye kwa mama, mimi nitayasema maneno hapa chini nikiutazama mlima. Sauti itapanda.

Dada, nakuomba. Sijapata kukuomba kitu tangu nilipokuomba mtu wa kwenda naye kazini.

Mwinjuma


Mlimani, 28 Novemba 1909

Pili amefika, amekula, amelia, amerudi.

Ni mwanamke mwema, umepata. Lakini mke wa ndugu si ndugu. Nilimuuliza kwa nini wewe huji. Akaniambia, "Wifi, kamuulize mwenyewe." Nikamwambia nimeuliza mara tatu. Akasema, "Mimi ninaulizia mwaka wa tatu kwa nini hakwambii."

Kwa hiyo kuna cha kuambiwa.

Sitaandika tena mpaka uniambie.

Theresia


Mlimani, Jumapili 9 Januari 1910

Mwinjuma, nilisema sitaandika na naandika. Ucheke.

Nimetoka Misa. Wakati wa kupiga magoti mkono ulikataa kunishikilia nikaanguka ubavu, mbele ya watu, kama gunia. Walisema ni kizunguzungu. Usiku Cecilia alikuja akafunua nguo yangu nikiwa macho, akatazama, akafunika.

Naogopa, mdogo wangu. Hilo ndilo lililokuwa likinizuia kusema. Nimezika watu wengi na kila mmoja nimemwambia asiogope. Nilidhani nikisubiri uje unishike mkono mbele ya mama, nitakuwa siogopi tena. Hukuja, na masika haisubiri desturi.

Basi nitatoroka. Nitapita kaburini peke yangu nimwambie mama kwamba mwanawe wa kiume ana kazi ya kukaa. Jumatano alfajiri natoka na Furaha, tutakwenda taratibu, mzigo wangu atabeba yeye. Barua hii anatangulia nayo katekista, yeye ana mwendo.

Fagia kile chumba. Mwambie Pili nitataka blanketi, huko kwenu kuna joto lakini siku hizi nasikia baridi popote. Hizo hatua zako mia tatu na ishirini, nitaziona kwa macho yangu, na kama umenidanganya nitazihesabu kwenye mgongo wako.

Lolote lile ulilokuwa unaficha, kaa nalo. Sikuulizi tena. Nakuja.

Theresia


Morogoro, Jumatatu 10 Januari 1910

Dada, shikamoo. Leo sina habari za mtaa.

Furaha hajashuka wiki mbili, kwa hiyo barua hii anakuletea Yunusi muuza chumvi, anayepanda kesho akiuza njiani.

Petro hakufa kwa homa.

Tulikuwa upande wa Kingolwira, mwezi wa Agosti, mwaka ule wa reli. Mimi nilikuwa nyapara wa watu kumi na wanne, na Petro alikuwa mmoja wao, tena hodari. Kikaja kigari cha kusukuma kimebeba reli, vyuma virefu vimelala vimefungwa mnyororo. Pale pana mteremko, tukaweka kabari ya mti chini ya gurudumu. Utaratibu ni kushusha mzigo kwanza, halafu kutoa kabari. Lakini kigari kilisimama nyuma kidogo ya mahali pa kazi, na mimi nilitaka kisogee hatua kumi, ili watu wasibebe chuma mbali, na msimamizi aone kundi langu limewahi. Hatua kumi tu. Nikasema, "Petro, ingia utoe kabari." Akaniambia, "Mjomba, mzigo haujashuka." Nikasema, "Wewe ndiye unayenifundisha kazi?" Akacheka. Akasema, "Haya, mjomba," akainama akaingia.

Mnyororo ulikatika. Hakusema neno, dada. Hilo ni kweli, hakuumia muda mrefu. Niliruka kumvuta nikachelewa, na chuma cha mwisho kikanilalia mimi. Mguu wangu wa kulia ulikatwa juu ya goti, nami nikaamka siku ya tatu, Petro amekwishazikwa na wenzake.

Nilikuandikia homa. Homa haina mwenyewe, hakuna anayeitwa kujibu kwa ajili yake. Lakini aliyekufa kwa chuma, kwetu, mjomba aliyemchukua huitwa asimame mbele ya wanawake aseme: nilimchukua mzima, nimemrudisha hivi. Mimi nisingeweza kusimama hapo. Hata kama ningekuwa bado na miguu miwili, nisingeweza.

Nyumba hii nimeijenga hapa kwa sababu mtu wa mguu mmoja anataka kila kitu kiwe karibu. Hatua nilizokuhesabia ni za magongo. Furaha anajua, nilimwapisha kwa jina la mtoto wake, usimgombeze.

Nakwambia leo kwa sababu umekaa unamngoja mtu asiyeweza kupanda, na mvua haiko mbali. Usiningoje. Njoo na hasira yako yote, chumba kina nafasi.

Mwinjuma


Morogoro, Alhamisi 13 Januari 1910

Dada,

Barua yako imefika asubuhi hii kwa katekista. Nimeisoma mara nne. Pili ameanza kufagia kabla sijamaliza kumsomea.

Yunusi muuza chumvi yuko njiani anapanda na barua yangu. Mtakutana. Akikupa, mwambie akae nayo. Usiisome. Haina kitu, ni habari za mtaa, mfereji na cherehani. Ukifika, ukishakula na kulala, nitakusomea mwenyewe.

Anayekukimbilia na kikaratasi hiki nimempa kanga ya Pili akuonyeshe, ujue ametoka kwangu. Tafadhali, dada. Njoo kwanza.

Mwinjuma


Mlimani, 2 Februari 1910

Mwinjuma, marahaba kwa shikamoo zako zote nilizokuwa sijaitikia.

Mkimbiaji wako alinifikia nimekwisha soma. Alikuwa anahema, nikampa maji. Kanga ya Pili nimebaki nayo, mwambie nitairudisha.

Tulikuwa tumetembea siku moja na nusu. Nilikwenda vizuri, hata Furaha alisema mgonjwa ni yeye. Tulifika pale njia inaposhuka upande wa Mlali na tambarare yote ikaonekana, na gari la moshi likawa linapita mbali, dogo, kama mdudu mwenye haraka. Nikamuuliza Furaha, nyumba ya Mwinjuma iko wapi? Akaninyooshea kidole. Ndipo Yunusi akatokea na punda wake. "Mama Petro," akasema, "bahati gani hii, umenipunguzia mlima." Akanipa.

Nilikaa kwenye jiwe nikasoma. Furaha alipoona ninavyoshika karatasi akajua, akaanza kulia kabla yangu. Alisema, "Mama Petro, mji ule pale. Tumebakiza nusu siku. Kamlaumu huko huko." Nikamwambia, nauona. Nikageuka.

Sikugeuka kwa hasira. Hasira ipo, nimeiweka mahali, nitaishughulikia nikipata nguvu. Nimegeuka kwa sababu miaka miwili na nusu nimemlilia mtoto wa homa. Nimemlilia mtoto aliyelala kitandani, akapewa maji, akafumba macho. Nilimwona hivyo kila siku mpaka nikamzoea. Huyo hakuwepo. Huyu mwingine, aliyesema "Haya, mjomba" akainama, hajaliliwa na mtu. Ningelalaje kwenye chumba chenye dirisha, naye yuko nje?

Na mama wa aliyekufa kwa chuma hatoki kwenye kiwanja chake siku arobaini. Unajua, ndiyo maana ulisema homa. Padri amekuja, akasema, "Theresia, msiba huo ulikwisha." Nikamwambia, "Baba, ule ulikuwa mwingine." Akaniachia sukari.

Nimeingia ndani tarehe kumi na tano Januari. Kwa hesabu yangu arobaini inatimia Alhamisi, tarehe ishirini na nne Februari. Najua ndizo siku alizozitaja daktari wako, nami nimezila. Uvimbe umepasuka wiki iliyopita. Cecilia ananiosha asubuhi na jioni. Haya, nimepataja mahali, na wewe sasa umesoma, tumeshafedheheka wote wawili.

Anayeninyoa siku ya arobaini ni ndugu yangu wa tumbo moja, hakuna mwingine. Bila hivyo siwezi kutoka msibani, nitatolewa nikiwa bado ndani yake.

Sikwambii uje. Siwezi kumwambia mtu wa mguu mmoja apande huku. Nimetaja tarehe tu.

Theresia


Njiani, mbali juu ya Mlali, 22 Februari 1910

Shikamoo dada.

Kabla ya yote, nipo. Niko kwenye kibanda cha mkulima mmoja wa ndizi, mtu mpole, amenipa moto na ubao wa kuandikia. Leo ni siku ya tisa tangu nitoke mjini.

Nyumba nimewaachia Pili na dada yake. Mtaa sikuuaga, wangeniuliza narudi lini. Fundi cherehani ndiye aliyenikuta ninatoka. Akasema, "Mwandishi, unakwenda dukani?" Nikasema ndiyo, mbele kidogo. Nilipolipita duka Mhindi akaniita, nilipolipita soko wauzaji wakasimama. Nilipofika mwisho wa kamba ya Bwana Shauri, pale nyumba zinapokwisha, nikagundua tangu tujenge sijafika hapo hata siku moja.

Hapakuwa na machila. Pili alitaka kuitafuta nikamkataza. Huwezi kwenda kuulizwa habari za mtu ukiwa umelala.

Tambarare ilikuwa siku mbili. Huku kwingine kote ni mlima. Mvua zimewahi, njia ni utelezi, magongo yanazama kama vijiti kwenye uji. Penye mteremko mkali nimejifunza namna yangu: nageuka, nakaa chini, napanda kinyumenyume kwa mikono, nikitazama nilikotoka. Nguo za nyuma zimekwisha, utanisamehe mbele ya wanawake. Watoto wa huku wamenifuata siku nzima wakidhani ni mchezo. Jana niliteleza nikarudi chini kipande nilichokipanda asubuhi yote. Nilikaa pale nikacheka, kisha nikalia kidogo, kisha nikamsikia Petro akisema, mjomba, mzigo haujashuka. Nikamwambia najua. Nimepanda tena.

Nimebeba wembe, nimeunoa mjini. Nimebeba pia maneno ya kusema mbele ya wanawake. Nilikuwa nimeyaandika, nimezoea kuwaandikia watu maneno yao, lakini karatasi imelowa na sasa siwezi kuyasoma. Nitayasema kama yalivyokuwa: kabari, hatua kumi, nani alisema nini. Mkinipiga mnipige baada ya kunyoa, mkono usitetemeke.

Daktari nilipita kumuaga. Nikamwambia yule mwanamke ni dada yangu. Akasema alijua. Amenipa chupa ya dawa ya maumivu, matone kumi jioni kwenye maji. Hakunipa nyingine, na mimi sikumuuliza.

Furaha amenikuta hapa mchana. Alitaka abaki anisukume, nimemkatalia, nimemwambia atangulie na barua hii na chupa. Yeye atakufikia usiku wa leo. Mimi wanasema imebaki milima miwili na mto, kwa mtu mzima ni nusu siku. Kwangu ni kesho, na kesho kutwa, na siku ya arobaini ni hiyo kesho kutwa.

Cecilia ameniandikia pembeni ya barua yako, wewe hujui, kwamba umeacha kula. Kwa hiyo nakuomba jambo, na hili naliomba wazi. Barua hii isome polepole. Soma mstari mmoja, uiweke, ulale, soma mwingine. Usiimalize kabla sijafika.

Mdogo wako,
Mwinjuma